Sukari ya Bibi na Huzuni Isiyopimwa

Mzee akinyamaza tunasema amechoka. Asipokula tunasema ni umri. Akishinda peke yake uani tunasema wazee ndivyo walivyo. Ndugu zangu, mara nyingine huo si uzee. Ni sonona, na sonona na kisukari ni watu wanaotembeleana.

Bibi yangu ana kisukari kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuwa akijimudu vizuri: vidonge kwa wakati, ugali wa dona, jioni anatembea hadi kwa shoga yake mtaa wa pili. Babu alipofariki, sukari ikaanza kupanda. Shangazi akaficha kopo la sukari, akiamini Bibi anadokoa usiku. Kliniki wakapima sukari, presha na uzito, wakamgombeza kuhusu wali, wakaongeza dozi. Hakuna aliyemuuliza analalaje siku hizi.

Kazi yangu ni kupekua, basi nikapekua. Kumbe habari yenyewe ni ya zamani. Katika karne ya 17 daktari mmoja Mwingereza, Thomas Willis, aliandika kwamba huzuni ya muda mrefu inaweza kuleta kisukari. Tafiti za miaka yetu zinaonyesha kuwa njia hii inapitika pande zote mbili: mwenye kisukari ana uwezekano wa kupata sonona yapata mara mbili ya asiye nacho, na mwenye sonona naye yuko kwenye hatari zaidi ya kupata kisukari.

Inakuwaje? Msongo wa muda mrefu huongeza homoni iitwayo kotisoli. Hiyo hulifanya ini limwage sukari zaidi kwenye damu, huidhoofisha kazi ya insulini na hulimbikiza mafuta tumboni. Usingizi ukikatika, hali huzidi kuharibika. Hata dawa ina yake: metformin, kidonge kinachomezwa na wengi wao, ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo nao huleta uchovu na huzuni. Lakini kubwa kuliko yote ni hili: aliyekata tamaa hana nguvu ya kutembea, kuchagua chakula wala kufuata dawa.

Miezi kadhaa baadaye nesi mmoja kijana alimuuliza Bibi maswali mawili tu. Wiki mbili hizi umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Umekuwa ukijisikia mnyonge au kukata tamaa? Bibi akalia. Kisha akasema vidonge alikuwa akiviacha mwenyewe, maana hakuona anavimeza kwa ajili ya nani.

Kopo la sukari halikuwa na kosa.

Sasa anaonana na mshauri, na shoga yake humpitia jioni watembee. Sukari haijatulia sawasawa, sitawadanganya. Ila anakula, na vidonge anavimeza.

Maswali yale mawili hayahitaji mashine wala kuchoma kidole. Jibu likiwa ndiyo, si ugonjwa bado. Ni sababu ya kumwona daktari. Kama kliniki foleni ni ndefu na hawayaulizi, tuyaulize sisi nyumbani, halafu tunyamaze tusikilize. Wewe mzee wako ulimuuliza lini?