Sanduku la Bibi kwa Mwezi wa Aprili

Tangu niliporudi kutoka Ujerumani, wanawake wenzangu wa usharika wameniuliza swali moja kuliko yote: "Mama, kule mtu anakwenda na nguo gani?" Sishangai. Wengi wetu siku hizi tuna watoto ng'ambo, wengine wanasoma, wengine wana kazi, na binti akikaribia kujifungua humwita mama yake. Anayeitwa mwezi wa Januari hana la kuuliza, maana kila mtu atamwambia achukue koti zito. Anayeitwa Julai naye hahangaiki sana. Mwenye kazi ni yule anayeitwa Aprili.

Aprili kwao ni majira ya machipuo. Miti iliyokaa mikavu tangu Novemba huanza kutoa majani, na watu huonekana wana furaha hata njiani. Ukiuliza hali ya hewa utaambiwa kwamba mjini Leipzig, alikokuwa binti yangu, joto la mchana mwezi huo huwa kwa wastani nyuzi 14 hivi, na usiku nyuzi 4. Hesabu hiyo ni ya kweli lakini haimsaidii anayefunga sanduku, kwa sababu wastani huo umetokana na siku za nyuzi 25 na siku za barafu zilizowekwa pamoja. Wajerumani wenyewe husema kwamba Aprili hufanya ipendavyo. Sababu yake si ngumu kuelewa. Jua limeshapanda juu na linaipasha nchi kavu joto haraka, lakini bahari na nchi za kaskazini bado zina baridi ya miezi iliyopita. Upepo ukitoka kusini unaleta joto. Ukigeuka na kutoka kaskazini, unaleta baridi yenyewe. Na hugeuka hata mara mbili kwa juma.

Sisi wa mlimani tunadhani baridi tunaijua. Ni kweli, mtu wa Marangu mwezi wa Julai hatoki nje bila sweta. Lakini baridi yetu ni ya utaratibu: inakuja kwa wakati wake, inakaa, inaondoka, na ukiamka asubuhi unajua siku itakavyokuwa. Ile ya Aprili haina utaratibu.

Binti yangu wa pili ni muuguzi. Alitarajia kujifungua mzaliwa wake wa kwanza juma la tatu la Aprili 2024. Mume wake alikuwa akifanya kazi za zamu za usiku, na ndugu mwingine wa karibu hawakuwa naye. Kwa hiyo mikono iliyotegemewa ilikuwa hii yangu. Nami nina pumu. Daktari wangu alinieleza wazi kwamba hewa baridi na kavu ni moja ya mambo yanayoweza kuibana njia ya hewa kwa mtu mwenye ugonjwa huu. Nikawaza: nikifika kule nikabanwa kifua, nitakuwa mgonjwa ndani ya nyumba yenye mzazi, na nikianza kukohoa hawataniruhusu kumshika mtoto. Nitakuwa nimevuka bahari ili nikalazwe. Ndiyo maana mambo ya nguo sikuyachukulia kama urembo.

Binti alinipigia simu akaniambia, "Mama, usinunue koti, utavaa langu." Nilimjibu, "Mwanangu, siku tutakayotoka wote wawili nani atalivaa?" Nikaenda Memorial hapa Moshi, kwenye mitumba, nikachagua kwa muda wa saa mbili. Nilipata koti refu la kupita magoti, lisilopitisha maji wala upepo, lenye kofia yake na zipu nzima. Lebo ya ndani ilikuwa ya Kijerumani. Muuzaji alicheka akasema koti linarudi kwao. Angalieni mambo matatu mnunuapo: zipu ipande na kushuka bila kukwama, mishono ya mabegani isiwe imeachia, na koti liwe kubwa kidogo kuliko mwili wenu ili sweta lipate nafasi. Msihangaike na yale mazito yaliyojaa manyoya. Hayo ni ya Januari.

Siri yote ya Aprili ni kuvaa nguo nyingi nyepesi, moja juu ya nyingine, na si nguo moja nzito. Hewa inayobaki katikati ya nguo na nguo ndiyo inayotunza joto. Chini nilivaa fulana ya mikono mirefu inayobana mwili. Juu yake blauzi, kisha sweta la sufu, kisha koti. Nasisitiza sufu. Pamba ikilowa, kwa mvua au kwa jasho, hukaa na ubaridi mwilini, lakini sufu hata ikiwa na unyevu bado inatia joto kiasi. Jambo jingine ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba ndani ya nyumba zao, maduka na treni kuna mitambo ya kupasha joto. Unaingia umetetemeka, na baada ya dakika tano unatoka jasho. Aliyevaa gauni moja zito hana la kufanya. Aliyevaa nguo nne anavua mbili na kuziweka mkononi.

Kwa miguu, taitsi nene chini ya sketi zilinitosha, jozi nne. Viatu viwe vya kufunika mguu, soli ya mpira, na vyenye nafasi ya soksi mbili, kwa sababu kiatu kinachobana huzuia damu na vidole hupoa upesi. Ndala nazo chukueni, za kuvaa ndani, maana huko viatu huachwa mlangoni kama kwetu. Mwavuli niliuacha nyumbani. Mvua ya kule huja na upepo wa kutoka pembeni, na nimeona miavuli mingi imepinduliwa na kutupwa kwenye mapipa ya taka.

Kanga nilichukua jozi tatu, na hapa siwezi kusema kwa ufupi. Moja ilikuwa skafu yangu. Daktari alinishauri nifunike pua na mdomo niwapo kwenye baridi, ili hewa ipate joto kidogo kabla ya kuingia kifuani, na kanga iliyokunjwa mara mbili ilifanya kazi hiyo kuliko skafu yoyote niliyojaribu dukani. Nyingine niliifunga kiunoni ndani ya koti. Ya tatu ilikuwa shuka kwenye treni, taulo, pazia la kumnyonyeshea mtoto, na baadaye mbeleko. Zote tatu pamoja hazifiki hata uzito wa sweta mbili.

Uzito ndio unaotutesa. Tiketi yangu iliruhusu sanduku moja la kilo 23, na kila jirani alileta kifurushi. Mama mmoja alileta samli. Ikabidi nimweleze kwa upole kwamba Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka nchi zetu kuingiza nyama wala maziwa na vyote vitokanavyo navyo. Matunda mabichi nayo tangu Desemba 2019 yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Ndizi zimo! Kwa Mchaga mwenye mzazi anayengojea mtori hiyo ni habari njema, na kilo nne za sanduku langu zilikwenda huko. Nyama tulinunua kule. Koti sikulipima kabisa kwa sababu nililivaa, na viatu vizito pia nilivaa. Dawa yangu ya kuvuta, miwani, cheti cha ndoa cha binti, na karatasi ya bima (ubalozi hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000) vilikaa kwenye mkoba wa mkononi. Sanduku la chini linaweza kuchelewa. La kwangu lilichelewa siku mbili, na shirika la ndege sitalitaja.

Basi niliondoka Kilimanjaro Ijumaa baada ya Pasaka, mvua ya masika ikinyesha, nikafika Frankfurt na kupanda treni ya saa tatu hivi hadi Leipzig. Na kulikuwa na joto! Jumamosi ile, tarehe 6 Aprili, sehemu za kusini-magharibi mwa Ujerumani zilifika nyuzi 30. Watu walikaa bustanini wakila aiskrimu, mikono wazi. Mkwe wangu alilipokea koti langu kwa heshima zote, lakini niliona anajizuia kucheka. Nilivaa gauni jepesi nililolichukua kwa ajili ya siku kama hizo, na nawashauri mchukue moja au mawili. Koti likaning'inizwa nyuma ya mlango, likakaa hapo siku kumi hivi. Binti alikuwa akiniambia kila asubuhi, "Mama, umebeba mzigo wa bure," nami nilikuwa nikimjibu kwamba halili chakula.

Katikati ya mwezi upepo uligeuka. Siku moja kabla ya adhuhuri tuliona jua, mvua, chembe za barafu zilizoruka kama mchele uliomwagika, kisha jua tena. Jumapili tulikwenda ibada katika kanisa la Mtakatifu Thoma, alikofanya kazi mwanamuziki Johann Sebastian Bach tangu 1723 hadi alipofariki 1750. Kuta zile za mawe zinatunza baridi kwa muda mrefu, hata ukitoka nje unajiona umeingia mahali penye joto. Nilikaa na koti langu mpaka baraka. Mji ule si mgeni kwetu. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na najiuliza wake zao walifunga nini kwenye masanduku yao, bila mtu wa kumpigia simu.

Uchungu ulianza usiku wa tarehe 22. Usiku ule na uliofuata ndio ulioharibu maua ya matofaa na machipukizi ya mizabibu katika jimbo lile la Saxony; wakulima walipata hasara kubwa sana. Mkwe aliitwa kutoka zamu yake akatangulia na mkewe hospitalini. Mimi nilifunga vitu nyumbani na kufuata kwa tremu, saa kumi na moja alfajiri, hewa ikiwa chini ya sifuri, nyasi zote nyeupe. Nilingoja kituoni dakika kumi na nane. Nilikuwa na nguo nne, soksi mbili, glavu, koti limefungwa hadi kidevuni na kanga mdomoni. Nilipumua vizuri. Nilifika hospitalini sikukohoa hata mara moja, nikapewa mjukuu wa kike wa kilo tatu na gramu mia moja.

Kuhusu nguo za mtoto, pokeeni zawadi chache tu. Wanawake wa usharika walikuwa wamenifumia kofia sita na sweta nne. Mkunga wa kule humtembelea mzazi nyumbani baada ya kujifungua, na yule wetu alieleza kwamba mtoto anapolala ndani havishwi kofia wala hafunikwi blanketi. Hulala ndani ya mfuko maalumu wa kulalia, kwenye chumba cha nyuzi 16 hadi 18, kwa sababu mtoto mchanga hutoa joto la ziada kupitia kichwani, na akizidiwa na joto usingizini ni hatari. Hupimwa kwa kuweka vidole nyuma ya shingo: pawe na joto, pasiwe na jasho. Nilisikia, nikatii. Lakini nje kofia ni lazima hata kwao, na zile sita zilivaliwa zote.

Mwanga nao mjiandae. Saa zao husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo mwishoni mwa Aprili jua huzama karibu saa mbili na nusu usiku. Mzee kama mimi hapati usingizi kukiwa na mwanga. Chukueni kitambaa cheusi cha kufunga macho. Chukueni na mafuta mazito ya ngozi, maana ile mitambo ya joto hukausha midomo hadi inapasuka.

Msidhani pia kwamba Mei ikifika mnaweza kufunga sweta. Jirani yetu mwenye bustani alikataa kupanda nyanya nje kabla ya tarehe 15 Mei. Siku za 11 hadi 15 za mwezi huo wanaziita za watakatifu wa barafu, wakiogopa baridi ya mwisho.

Mara nyingi kule nilimkumbuka yule mwanamke wa Mithali 31, asiyehofia theluji kwa sababu watu wa nyumbani mwake amewavika vizuri. Nilimkumbuka na mtume Paulo, aliyemwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na akamhimiza afike kabla ya majira ya baridi. Mtume mzima, na kwenye waraka wake wa mwisho bado anaulizia joho.

Langu nililiacha kwa hiari, nyuma ya ule mlango, niliporudi mwezi wa Juni. Sasa mama wa mkwe wangu naye ameitwa. Ni mrefu kuliko mimi, mikono ya koti itamfupikia, kwa hiyo nimemwambia apite Memorial anunue glavu ndefu.