Mtoto si farasi wa maonyesho

Binti yangu alipotimiza miezi 13, kila mgeni aliyefika kwetu Old Moshi aliuliza swali lile lile: "Bado hajatembea tu?" Mama mkwe akawa anamsimamisha sebuleni. "Haya mama, waonyeshe bibi zako!" Mtoto analia, wageni wanapiga makofi.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya, majibu nilikuwa nayo. Lakini aibu ni kitu kibaya. Nikashuka mjini, nikanunua kigari cha kumfundishia kutembea.

Jumapili moja alipita mjomba wa mume wangu, anayetunza farasi wanaopandwa na watalii. Alikitazama kile kigari, akacheka. "Mwanangu, farasi hafundishwi kutembea."

Akatuonyesha kwa kugonga vidole mezani. Farasi akitembea, kwato hugusa ardhi moja moja, milio minne. Akikimbia polepole, mguu wa mbele wa kulia huenda pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha ile mingine, milio miwili. Akiongeza kasi, mitatu. Akipiga shoti, minne ya haraka. "Huo wote amezaliwa nao. Mwendo wa kuwafurahisha watu ndio anaofundishwa. Kuna anayefundisha kwa subira, na kuna anayetumia maumivu."

Usiku nikasoma. Marekani kuna farasi aitwaye Tennessee Walking Horse, mwenye mwendo wa asili laini, usiomtikisa aliyempanda. Ili ainue miguu ya mbele juu sana kwenye maonyesho, baadhi ya wafugaji walimvisha viatu vizito na minyororo, wengine wakampaka kemikali za kumuunguza miguu. Watazamaji walishangilia, bila kujua kwamba anainua mguu kwa sababu unamuuma. Mwaka 1970 ilitungwa sheria ya kupiga vita ukatili huo.

Nikamkumbuka binti yangu akilia pale sebuleni.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, uliotolewa mwaka 2006, ulionyesha kuwa watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 18. Vigari haviharakishi kutembea, na vimejeruhi watoto wengi kwa kuporomoka nao kwenye ngazi. Canada ilivipiga marufuku mwaka 2004. Fikiria sasa miteremko yetu ya huku mlimani!

Kigari nikakiweka stoo. Mtoto nikampeleka kliniki, akaonekana hana tatizo.

Mzazi mwenzangu, mtoto akifikisha miezi 18 hajatembea, au akiacha kufanya alichokuwa anaweza, usisubiri, mpeleke kliniki. Kabla ya hapo, mpe sakafu safi na muda.

Wangu alitembea akiwa na miezi 15, uani, karibu na migomba. Miguu kaitanua, mikono juu, anayumba kama aliyetoka kunywa mbege. Mama mkwe alimwona wa kwanza. Safari hii hakumwita mtu, alikaa kimya akimtazama.