Pwani Inayoaga kwa Nyimbo

Basi la kwenda Peterhead huondoka Aberdeen na kushika njia ya kaskazini. Baada ya muda si mrefu majengo ya mawe ya kijivu hubaki nyuma na mashamba kutawala pande zote. Hii ndiyo Buchan, kona ya kaskazini-mashariki ya Uskoti inayojitokeza kwenye Bahari ya Kaskazini. Ardhi imelala, imejaa shayiri na ng'ombe, na miti ni michache. Ile iliyopo imeinama upande mmoja kwa upepo tangu ikiwa michanga. Watalii wengi hawafiki huku. Wao huishia Edinburgh kutazama ngome, au huelekea magharibi kwenye milima na maziwa. Mimi nilikuja kwa ajili ya wimbo.

Wimbo huo unaitwa "Farewell to Tarwathie". Anayeuimba ni kijana anayekwenda Greenland kuwinda nyangumi, na kabla ya kupanda meli anaaga. Kilichonishangaza tangu mara ya kwanza nilipousikia ni vile anavyoviaga. Haagi gati wala mnara wa taa. Anaaga Tarwathie, ambalo ni shamba lililo ndani ya nchi, karibu na kijiji cha Strichen. Anaaga kilima cha Mormond, anaaga na ardhi ya Crimond. Huyu ni mtu wa jembe anayetafuta riziki kwenye barafu kwa sababu shamba halikumtosha. Maneno ya wimbo yanahusishwa na George Scroggie, mshairi wa huku huku Aberdeenshire, aliyetoa kitabu chake cha mashairi, The Peasant's Lyre, mwaka 1857.

Mormond nilikwenda kukiona kwa macho yangu. Hakifiki hata mita 250, lakini kwa kuwa nchi yote inayokizunguka ni tambarare, unakiona ungali mbali. Ubavuni mwake kuna umbo kubwa la farasi mweupe lililopangwa kwa mawe meupe. Ukipanda hadi karibu na kilele unaona mashamba yakishuka polepole, na mwisho wake ni bahari. Hapo nikamwelewa yule kijana wa kwenye wimbo. Kilima hiki kinaonekana pia kutoka baharini. Meli ingeweza kuwa imeshaiacha bandari, na Mormond bado kipo nyuma yake, kikikataa kuzama.

Kutoka hapo hadi Peterhead si mbali. Mji umejengwa kwa mawe ya graniti yenye wekundu wa mbali, na jua la jioni likiupiga unapendeza kuliko sifa zake zinavyosema. Leo ni bandari ya samaki, moja ya kubwa kabisa Ulaya. Lakini meli yake ya kwanza ya kuwinda nyangumi, Robert, iliondoka hapa mwaka 1788, na kwa miongo iliyofuata Peterhead ilikuwa miongoni mwa bandari kuu za kazi hiyo katika Uingereza yote. Serikali yenyewe iliwachochea wenye meli: tangu 1749 ililipa ruzuku ya shilingi 40 kwa kila tani ya uzito wa meli iliyokwenda uwindaji. Ilitaka mafuta kwa ajili ya taa na viwanda, na ilitaka mabaharia waliokomaa ambao wangeweza kuitwa vitani siku yoyote.

Meli ya Peterhead, Enterprise, ni moja kati ya mbili za mwisho kukutana na msafara wa mpelelezi Sir John Franklin katika ghuba ya Baffin, Julai 1845, kabla ya watu wake wote kupotelea barafuni. Na mwaka 1880, meli iitwayo Hope ilimchukua hapa mwanafunzi wa udaktari kuwa tabibu wa safari. Alitimiza miaka 21 akiwa katikati ya barafu. Jina lake ni Arthur Conan Doyle, ambaye baadaye alimbuni Sherlock Holmes. Shajara yake ya safari ile ipo, na ndani yake mna damu na baridi, lakini mna pia muziki na nyimbo za mabaharia.

Wakati mwingine msimu uliwageukia wawindaji. Mwaka 1830 barafu ya ghuba ya Melville ilizisaga meli 19 za Uingereza, na karibu wanaume 1,000 wakajikuta wamesimama juu ya barafu na mizigo yao. Wengi wao waliokolewa. Majira ya baridi ya 1836 hadi 1837 hayakuwa na huruma hiyo: meli zilinaswa, mojawapo Dee ya Aberdeen na nyingine Advice ya Dundee, na kiseyeye pamoja na baridi vikamaliza sehemu kubwa ya mabaharia kabla ya msaada kuwafikia. Wanawake wa pwani hii waliijua hesabu hiyo vizuri. Meli huondoka mwishoni mwa majira ya baridi. Ikifika vuli haijaonekana, nyumba nzima hunyamaza.

Ndiyo maana katika meli hizi kulikuwa na desturi ninayoipenda kuliko zote. Kabla ya safari, wake na wachumba waliwapa mabaharia utepe mmoja mmoja. Ilipofika tarehe 1 Mei, meli ikiwa barafuni, tepe zile zilifungwa kwenye pete kubwa za mbao, kila moja na fundo lake, na taji hilo likapandishwa juu ya mlingoti kwa shangwe. Likaachwa huko huko juu, upepo ukalichanachana, theluji ikalifunika, hadi meli iliporudi nyumbani. Kwenye makumbusho za pwani hii utaona pia zawadi zilizokwenda upande wa pili: vipande vyembamba vya mfupa wa nyangumi, vimechorwa kwa ncha ya kisu meli, moyo, herufi mbili za majina. Mwanamke alikivaa kipande hicho mbele ya kifua, kikinyoosha vazi lake la ndani. Nilisimama muda mrefu mbele ya kimoja. Mchoraji alikosea kipimo, herufi ya pili ikakosa nafasi, akaibana pembeni ikawa ndogo kuliko ya kwanza.

Lakini nyimbo zenyewe hazikai kwenye kabati la kioo. Usiku mmoja nilikaribishwa kwenye chumba cha nyuma cha baa, katika kijiji cha wavuvi si mbali na Fraserburgh. Hapakuwa na jukwaa wala kipaza sauti. Watu walikaa kuzunguka ukuta, na zamu ikaenda kutoka mmoja hadi mwingine; asiye na wimbo alisimulia kisa, au aliomba apitwe. Wana adabu moja: kabla ya kuimba, mtu hutaja alikoupata wimbo. Huyu aliupata kwa shangazi yake, yule kwa mwenzake wa kiwanda cha samaki, mwingine kwenye santuri. Mzee mmoja mvuvi mstaafu, mwenye mabega mapana na kidole kimoja pungufu, aliweka viganja magotini, akafumba macho, akaianza "Farewell to Tarwathie" taratibu, bila ala yoyote. Hakuipandisha sauti penye huzuni. Hakuyavuta maneno ili tumhurumie. Alikuwa anatoa habari tu: naondoka, ninaviacha hivi na hivi, huko ninakokwenda hakuna kupanda wala kuvuna. Mstari wa mwisho wa kila ubeti wenzake wakaupokea kwa sauti za chini. Nilijikuta nalia, na jirani yangu, ambaye hatukuwa tumesemezana, akanisogezea glasi ya maji bila kunitazama.

Alipomaliza, bibi mmoja akamwambia amekosea mpangilio wa beti. Kwao kilima huagwa kwanza, ndipo shamba. Mzee akakataa. Wengine wakaingilia kwa lahaja yao ya Doric, ambayo hata Mwingereza wa London huhangaika kuifuata, na ubishi ukachukua muda mrefu kuliko wimbo. Kila mtu alikuwa na Tarwathie yake.

Nyimbo za namna hiyo, kila mtu na yake, ndizo alizoziandika Gavin Greig, mwalimu mkuu wa shule ya kijijini hapa Buchan. Mwanzoni mwa karne ya 20, yeye na mchungaji James Bruce Duncan walizunguka kwa wakulima, watumishi wa mashamba na wanawake wa majumbani, wakikusanya nyimbo ambazo wasomi walidhani zimekwisha. Walipata zaidi ya 3,000. Wote wawili walifariki kabla ya kuona kazi yao imechapishwa kamili; toleo zima la juzuu nane lilikamilika mwaka 2002. Sijui nchi nyingi ambako mwalimu wa kijijini na mchungaji wameacha urithi mzito kiasi hicho.

Si nyimbo zote zinazolia. "The Bonnie Ship the Diamond", kuhusu meli ya Aberdeen, ni ya kunyanyua vikombe na kugonga meza, na usiku ule ilitikisa madirisha. Hata hivyo, mara tu unapojua kwamba Diamond nayo ilikuja kupotelea barafuni, kiitikio kile cha ushujaa hukisikii tena kwa namna ileile.

Kusini zaidi, Dundee, wimbo wa wenyeji ni "The Balaena", unaoisifu meli iliyozipita nyingine zote mbio. Ulivuka bahari na mabaharia hadi Newfoundland, na huko unaimbwa kwa jina la "The Old Polina". Dundee ni mji uliochangamka kwenye mlango wa mto Tay, nao haujaficha historia yake: hadi leo kuna mtaa uitwao East Whale Lane. Hapa ndipo unapoelewa kilichoendesha biashara yote. Viwanda vya Dundee vilisokota nyuzi za juti kutoka Bengali na kufuma magunia yaliyosambaa duniani, na nyuzi hizo ngumu zililainishwa kwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyangumi. Kwa hiyo hata taa zilipohamia gesi, chusa hazikupumzika.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo nyimbo hazilisemi. Nyangumi hayumo ndani yake, au akiwemo ni kama mzigo. Mnyama aliyewindwa zaidi huko kaskazini, mwenye kichwa cha upinde, anaweza kuishi zaidi ya miaka 200. Ni mpole, huogelea polepole, na akifa huelea. Sifa hizo zote zilimponza. Katika bahari kati ya Greenland na Svalbard aliwindwa hadi karibu kwisha kabisa. Kisha, mwaka 2018, watafiti wakatangaza walichonasa kwa vinasa sauti vilivyozamishwa katika bahari ileile: nyangumi waliobaki huimba usiku na mchana wakati wa giza la majira ya baridi, na katika kipindi cha miaka mitatu zilihesabiwa nyimbo tofauti 184. Tangu nisome habari hiyo, "Farewell to Tarwathie" imenilemea zaidi. Kijana wa Buchan alikuwa anaelekea, huku akiimba, kwenda kuua waimbaji.

Kuna msanii aliyeliona hilo mapema. Mwanamuziki na mkusanyaji A. L. Lloyd, ambaye alisema aliupata wimbo huu Durban, Afrika Kusini, ndiye aliyeueneza katikati ya karne iliyopita. Lakini msanii niliyemtaja ni Mmarekani Judy Collins: mwaka 1970 aliurekodi bila ala, na nyuma ya sauti yake zikawekwa sauti halisi za nyangumi wa nundu zilizonaswa na mwanabiolojia Roger Payne. Mwindaji anayeaga kwao na nyangumi wakaimba pamoja. Nadhani rekodi ile ilifanya kazi ambayo hotuba nyingi hazikuiweza, katika miaka ile ambayo dunia ilikuwa inaelekea kusimamisha uwindaji wa kibiashara.

Safari yangu niliimaliza Lerwick, visiwani Shetland, kwa feri ya usiku kutoka Aberdeen. Meli za uwindaji zilisimama hapa kujaza mabaharia, na Washetland walipanda na fidla zao. Walirudi na miziki iliyozaliwa barafuni. "Willafjord" ni mmojawapo, na watoto wa shule wa Lerwick wanaujua. Mpaka karne ya 20 wanaume wa visiwa hivi waliendelea kuondoka, safari hii kuelekea kusini ya mbali, South Georgia, kwa kampuni ya Salvesen ya Leith. Kazi hiyo ilikoma miaka ya 1960, lakini iliacha wimbo wa mwisho ulio mzuri kabisa: ule wa Harry Robertson, mzaliwa wa Glasgow, kuhusu jiko dogo la kupashia moto chumba cha injini. Hauna meli ya kifahari wala nahodha. Una jiko tu, na watu waliolizunguka wakinyoosha mikono.

Ukifika Uskoti, ndugu msomaji, usiishie Edinburgh. Panda kaskazini, uliza kila kijiji siku ya kuimba ni ipi, na ikifika zamu yako uimbe wimbo wa kwenu. Watakusikiliza kwa heshima na watakuuliza uliupata kwa nani. Na kama safari bado haijajaliwa, tovuti ya Tobar an Dualchais imeweka maelfu ya rekodi za waimbaji wa zamani wa Uskoti, na kusikiliza ni bure.