Upanga wa Maji: Kumbukumbu ya Mchezo Mmoja wa Utotoni

Ndugu msomaji, uliyezoea kunikuta hapa nikijadili bajeti na sera, leo unistahimili. Nataka kuandika juu ya mchezo wa video, au gemu kama wasemavyo wanafunzi wangu. Nikifika mwisho utaona kwamba sikutoka sana nje ya mada zetu za kila siku.

Mchezo wenyewe unaitwa Crystalis. Uliundwa na kampuni ya SNK ya Japani na kutolewa mwaka 1990 kwa ajili ya mashine ya Nintendo. Ulifika nyumbani kwetu Korogwe mwaka 1995, ndani ya sanduku la mjomba wangu aliyekuwa baharia. Pamoja na mashine alileta runinga ndogo iliyokwishatumika, na transfoma, maana vyote vilitengenezwa kwa umeme wa Marekani. Runinga ile haikuweza kunasa kituo chochote cha hapa nchini. Tanzania Bara ilikuwa ndiyo kwanza imepata matangazo ya televisheni mwaka mmoja nyuma, na sisi tukawa na runinga isiyojua lolote ila kijana mmoja mwenye upanga.

Siku hizo niliishi na binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyeletwa kutoka Handeni aje asome mjini. Tulilala kitanda kimoja na kusoma darasa moja. Kiingereza chetu kilikuwa cha shule ya msingi, yaani salamu na majina ya wanyama. Mchezo wote ulikuwa kwa Kiingereza. Tuliazima kamusi, tukaanza kuutafsiri sentensi kwa sentensi, mmoja akishika kidhibiti na mwingine akipekua kurasa.

Hadithi yake ni hii. Vita kuu inaiangamiza dunia tarehe 1 Oktoba 1997. Walionusurika wanajenga mnara unaoelea angani, wenye silaha za kutisha, ili binadamu asirudie tena upumbavu ule. Miaka mia inapita. Kijana anaamka pangoni bila kumbukumbu yoyote, na kumkuta mfalme dhalimu akiutafuta mnara huo ili autawale ulimwengu. Kijana anapaswa kukusanya panga nne: wa upepo, wa moto, wa maji na wa radi. Kila upanga una kazi yake. Upepo huvunja kuta za mawe, moto huyeyusha kuta za barafu, radi hubomoa chuma, na maji hugandisha mto uwe daraja.

Binamu yangu aliupenda upanga wa maji kuliko yote. Alitoka katika nchi ambayo mama huamka alfajiri na ndoo kichwani. Aliniambia akiwa hana hata chembe ya utani kwamba angeupata upanga ule angeurudisha Handeni, asimame mahali mto unapokauka, aupige mara moja.

Tulichokipenda pia ni kile kijiji cha mwanzo, penye kinu cha upepo ambacho mlinzi wake amelala. Bila kumwamsha hupati ufunguo, bila ufunguo kinu hakizunguki, na kinu kisipozunguka safari yote imekwama. Sharti upulize filimbi maalumu ndipo azinduke. Nimefanya utafiti wa utumishi wa umma kwa miaka mingi, na sijapata maelezo mafupi zaidi ya tatizo letu.

Umeme ulikatika mara kwa mara. Tuliishi jirani na mitambo ya Hale, na Mto Pangani ulipita mbele ya macho yetu, lakini mgao haukutuhurumia. Bahati njema kaseti ile ilikuwa na betri ndogo ndani yake, ya kutunza pale ulipofikia, mradi umekumbuka kuhifadhi. Kwa hiyo swali lililosikika zaidi chumbani mwetu lilikuwa: “Umehifadhi?” Nilikuwa msahaulifu. Yeye hakusahau hata siku moja.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka 1997 tulikuwa darasa la saba. Baba yangu alikuwa karani, na mshahara wake uliweza kulipia tuisheni ya mtoto mmoja tu. Alinilipia mimi. Hakuna aliyelalamika, wala hakuna aliyelizungumza. Kila jioni nilikwenda tuisheni, na binamu yangu alibaki nyumbani na daftari. Ndani ya daftari hilo alichora ramani ya dunia nzima ya Crystalis, kila pango na kila njia panda, na jedwali la kila adui na upanga unaomdhuru, kwa kuwa wapo maadui wasiosikia upanga fulani hata uwapige mara elfu. Niliporudi usiku nilikuta amenifanyia kazi yote. Mimi nilifuata ramani tu.

Tulijua kwamba tarehe 1 Oktoba inakaribia. Tuliiweka alama kwenye kalenda. Siku hiyo, Jumatano, tuliamka mapema tukakaa barazani tukisubiri dunia iishe. Jua likatoka, treni haikulipuka, mwalimu wa zamu akatuchapa kwa kuchelewa. Baada ya ukame wa mwaka ule zikaja mvua za El Niño. Barabara ya vumbi ya kwenda Handeni ikageuka tope, na binamu yangu, aliyekuwa amekwenda kwao baada ya mtihani, akanasa huko.

Kiyama chetu kilikuja kwa karatasi iliyobandikwa ubaoni. Jina langu lilikuwamo katika orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Lake halikuwamo. Shule za kata zilikuja kuenea nchini baada ya mwaka 2004, wakati yeye alikwisha kuwa mtu mzima mwenye mke.

Mwaka 1998, likizoni, niliumaliza mchezo peke yangu nikiwa na daftari lake mkononi. Sikumwambia. Niliona aibu ambayo sikuweza kuipa jina.

Nimeshika shahada tatu, na nimesahihisha maelfu ya mitihani. Bado sijaona swali la mtihani ambalo lingeipima akili iliyochora ramani ile. Tunapenda kusema kwamba mtihani hauna upendeleo kwa sababu karatasi ni moja kwa wote. Ni kweli karatasi ilikuwa moja. Jioni zetu hazikuwa moja. Walioujenga ule mnara wa angani nao walikuwa na nia njema: waliweka nguvu zote mahali pamoja juu, wakaamini kwamba kwa kuwa pako mbali na watu patakuwa na haki.

Mwaka 2018 SNK waliutoa upya mchezo huu katika mkusanyiko wa kuadhimisha miaka yao 40. Nilipoupata, niliuchukua hadi Handeni. Kilometa 65 kutoka Korogwe sasa ni lami. Binamu yangu ni fundi pikipiki pale Chanika, na karakana yake ina daftari kubwa lenye kumbukumbu ya kila injini aliyoifungua na ugonjwa wake. Nilipoliona nilinyamaza kidogo.

“Dokta,” akaniambia kwa utani wetu wa mabinamu, “huku Handeni wagonjwa ni wengi, wewe hasa unatibu nini?”

Nikawasha mashine. Alifuta grisi mikononi, akakaa juu ya tairi kuukuu. Tulipofika kwenye kinu nilikuwa nimesahau la kufanya. Yeye hakusubiri hata maandishi yaishe. “Mlinzi amelala. Piga filimbi.” Baada ya miaka zaidi ya ishirini!

Ndipo nikamweleza yote: tuisheni, likizo ile ya 1998, daftari lake. Alisikiliza huku macho yake yakiwa kwenye kioo. Akasema alijua siku nyingi, kwamba baba yangu mwenyewe alimweleza kabla hajafa na kumwomba radhi. Mimi ndiye niliyechelewa. Kisha akaniuliza kama kule mwisho kuna nini. Nikafungua kinywa nimwambie, akanizuia kwa mkono.

“Acha. Nitafika mwenyewe.”

Jioni ilipoingia niliinuka niwahi basi, nikamwachia mashine. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

“Binamu, umehifadhi?”

Sikuwa nimehifadhi. Alikwisha kuhifadhi yeye.