Peshtigo, Mji wa Msituni Uliozoea Moshi

Twende safari, msomaji mpenzi, mpaka Marekani, katika misitu ya kaskazini ya jimbo la Wisconsin. Huko uko mji mdogo uitwao Peshtigo, wenye watu wasiofika 4,000. Ukifika utaona mto wapita katikati ya mji, na nyumba zimetulia kando yake. Nawe utadhani hapa hapakutokea neno lo lote tangu zamani.

Lakini ingia makaburini, karibu na jengo lililokuwa kanisa, ambalo sasa ni nyumba ya makumbusho. Humo mna kaburi moja la watu wapatao 350. Hakuna aliyeweza kuwatambua, maana moto haukuacha sura, wala haukuacha jamaa wa kusema, "Huyu ni wetu."

Sikiliza basi habari zao. Mwaka 1871 mvua ilikosa miezi mingi. Wakulima walichoma vichaka ili wapate mashamba, na wajenzi wa reli walichoma matawi waliyoyakata. Mioto midogo ikatambaa msituni kwa majuma kadhaa, watu wakauzoea moshi. Usiku wa Jumapili, tarehe 8 Oktoba, ulivuma upepo mkali, ukaikusanya mioto ile kuwa mmoja. Kwa muda mfupi mji wote ukateketea. Waliokufa Peshtigo na vijiji jirani hukisiwa kuwa 1,200 hadi 2,500. Marekani haijapata moto wa msitu uliowaua watu wengi kuliko huo. Usiku ule ule Chicago nayo iliungua, wakafa watu kama 300. Dunia ikaililia Chicago, Peshtigo ikasahauliwa.

Padre Peter Pernin, paroko wa mahali, aliitia tabernakulo katika mkokoteni, akaukokota mpaka mtoni. Akakaa majini pamoja na watu zaidi ya saa tano, wakijimwagia maji kichwani, kwani hewa yenyewe ilikuwa moto. Baada ya siku chache tabernakulo ilionekana juu ya gogo mtoni, nzima. Leo imewekwa katika makumbusho yale.

Nasi kila kiangazi twachoma mashamba. Basi, baba na mama, kabla ya kuwasha, fyekeni njia pana kulizunguka shamba. Ngojeni upepo utulie, waiteni majirani, wala msiondoke mpaka majivu yapoe. Watu wa Peshtigo nao waliuona moto wao kuwa mdogo.