Mama, kaka na injini iliyoning'inia

Kuna wasichana wenzangu wakisikia neno gereji wanaona grisi na matusi tu, wanahamia upande wa pili wa barabara sketi zisichafuke. Sawa, kila mtu na starehe zake. Mwenzenu mwaka 2023 nilikaa wiki tatu kwenye gereji bubu moja ya Ilala, chini ya mwembe, nimekalia tairi la lori, naangalia injini ya gari moja inatiwa ndani ya gari jingine. Na wala sikupelekwa na mchumba. Nilipelekwa na mama, kazi yangu ikiwa kulinda vyuma visiote miguu.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, ile ndefu, Series III, ya marehemu baba. Aliinunua mwaka 1996 kwenye mnada, akaibebea machungwa, mahindi, maharusi na maiti za jirani, kila kitu. Injini yake ya petroli, lita mbili na robo, ilikuwa inakunywa mafuta kama mlevi aliyepokea mshahara. Baba alipofariki mwaka 2019 gari likabaki uani, kuku wakaanza kutagia kwenye siti ya nyuma. Kaka yangu mkubwa akataka lipimwe kilo, liende kwenye chuma chakavu, yeye apate pikipiki. Mama akamwambia gari hilo ndilo lililowalisha wote na mdogo wenu bado yuko shule. Zamu yake ya upatu ilipofika, akachukua hela yote akanunua injini ya mtumba ya dizeli, Toyota 3L, jamii ya zile zilizofungwa kwenye Hilux na Hiace. Kaka akasusa. Siku tatu anakula, anainuka, hasemi hata ahsante.

Sasa watu wa mjini wanadhani kubadili injini ni kama kubadili betri ya redio, unatoa hii unaingiza ile. Thubutu! Injini ya Toyota na chesisi ya Land Rover hazijawahi kutambulishana. Matundu hayaonani kabisa. Inabidi utengeneze mikono ya chuma ya kuipokea injini huku na huku, na kati ya mkono na injini ukae mpira uliogandishwa na vyuma vyake kiwandani. Huo ndio mafundi wanauita mauntini. Kadude kenyewe kanakaa kiganjani, lakini injini nzima inakalia hapo.

Fundi mkuu, mzee mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa waya, alianzia nyuma. Hakugusa upande wa injini mpaka gia boksi ilipokaa sawasawa kwenye mauntini zake. Gia boksi ilikuwa ile ile ya Land Rover, kwa sababu ndiyo inayopeleka nguvu magurudumu ya mbele na nyuma. Kati yake na injini ya Toyota ikawekwa sahani nene ya chuma iliyokerezwa Gerezani. Hiyo sahani ilirudishwa kwa mkerezaji mara mbili, maana shafti ya gia boksi ikiwa pembeni hata kwa unene wa ukucha, klachi inalia na beringi zinakufa mapema. Mara ya tatu ndipo injini na gia boksi zikawa kitu kimoja.

Basi injini ikabaki inaning'inia mbele kwa mnyororo wa chenibloku kutoka kwenye bomba lililolazwa juu ya nguzo mbili, nyuma imeshikwa, mbele iko hewani. Mimi nilidhani sasa watachomelea fasta twende nyumbani. Mzee akaagiza chai.

Kumbe hapo ndipo kazi ilipo. Mikono inafuata injini, injini haifuati mikono. Kwanza unaiweka injini mahali inapotaka kukaa, ndipo unaipimia kiti. Akachukua pima maji ya mwashi, akaiweka juu ya chesisi kwanza, halafu juu ya injini, zisome sawa, kwa sababu ardhi ya Ilala yenyewe haijanyooka. Akaangalia feni na rejeta, vidole viwili vipite. Akaangalia bomba la ekzosti lisiguse steringi. Akaangalia mwinamo wa kwenda nyuma, kwa sababu propela shafti zikipewa pembe mbaya gari linakutetemesha njia nzima hata ukiwa na mauntini za dhahabu. Halafu akakata boksi la biskuti kwa mkasi, akapata umbo la mkono wa chuma, akalijaribisha, akalikata tena. Maboksi manne yaliisha. Vijana wa kijiweni wakawa wanamcheka, eti mzee anashona.

Siku ya pili yake mzee akaitwa msibani Kisarawe, na hapo kasheshe ikaanza.

Fundi wa kuchomelea, kijana mmoja mwenye maneno mengi na miwani ya jua ya bei mbaya, alimfuata mama. "Mama, hizi mauntini za mtumba zilizokuja na injini zimechanika, na mpya ni ghali. Nichomelee chuma kwa chuma. Haitatikisika mpaka kiama." Mwingine akatoa wazo la kukata mpira wa tairi, ule wa katambuga, ukabanwa na bolti. Mama alikuwa na hela ya kitu kimoja tu: rangi ya gari au mauntini mpya. Na wateja wa machungwa wa Muheza walikuwa wameshaanza kupiga simu.

Nisikilizeni vizuri hapa, hasa nyinyi wenye vigari vyenu vya mkopo. Ukichomelea injini moja kwa moja kwenye chesisi, mtikisiko wote unaingia kwenye gari. Dizeli ya silinda nne inatetemeka hasa ikiwa sailensa. Nati zinalegea, rejeta inapasuka kwenye maungio, na chesisi ya barabara mbovu inajipinda huku injini ikikataa kupinda, kwa hiyo kinachosalimu amri ni mkono uliochomelewa au sikio la injini lenyewe. Na ule mpira wa tairi haukugandishwa na chuma. Ukikandamizwa unavumilia, ukivutwa unaachia.

Na kuvutwa lazima uvutwe. Fizikia ya sekondari hiyo, kila msukumo una msukumo wa kuujibu. Injini ikizungusha propela shafti upande mmoja, yenyewe inataka kujigeuza upande wa pili. Kwa injini nyingi zilizolazwa kwa urefu wa gari, ukikanyaga mafuta upande wa kushoto unanyanyuka na wa kulia unakandamizwa. Ndiyo maana mauntini ya kushoto mara nyingi huchanika kwanza.

Usiku ule sikulala, nikasoma kwenye simu. Nikakuta kwamba hata wakubwa walishalia na kadude haka. Desemba 1971 kampuni ya General Motors huko Marekani iliita zaidi ya magari milioni 6.6 ya Chevrolet kwa sababu ya mauntini zilizokuwa zikiachana. Mpira ukichanika, injini inanyanyuka, inavuta vyuma vya aksileta, gari linaongeza mwendo lenyewe. Dawa waliyoweka ni kebo ya kuizuia injini isinyanyuke. Kebo! Na mpira wenyewe una sifa zake za zamani: mwaka 1931 Plymouth walitangaza injini inayoelea juu ya mipira kama jambo la ajabu, na mwaka uliofuata Citroën wa Ufaransa wakauchukua ufundi huo na kuweka picha ya bata maji kwenye magari yao. Bata maji, mwanawane, kwa raha ya abiria.

Asubuhi nikamsomea mama habari ya Chevrolet. Akauliza swali moja tu. "Wao walikuwa wamebeba magunia?" Nikamwambia hapana. Akafunga kitenge, akaenda Shauri Moyo kununua mauntini mpya, hakurudi na chenji ya rangi.

Sasa kaka. Siku ile ile saa kumi jioni akatokea pale gereji, mikono mfukoni, amekuja kutucheka. Akazunguka gari, akapiga mluzi, akasema hilo jeneza linapendeza. Halafu akainama. Nikamwona amenyamaza. Akalala chali kwenye udongo na shati lake jeupe, akaingia chini.

"Nani kapima sampo hapa?"

Kijana wa kuchomelea akajibu kwamba nafasi ipo, kiganja kizima juu ya ekseli ya mbele. Kaka akasema kiganja hicho ni cha gari lililosimama chini ya mwembe. Akatuonyesha alama kwenye chesisi, mahali palipong'aa kama sarafu. "Baba akipakia, akaingia shimoni, ekseli inapanda inapiga hapa. Nimekaa naye kiti cha mbele miaka sita, naijua sauti yake." Akaweka jeki chini ya ekseli, akaipandisha mpaka ikagusa ile alama. Ekseli ikaigusa sampo ya Toyota, kidogo tu, tik. Shimo moja la nguvu na mafuta yote yangemwagika njiani, na injini ya upatu ingekufa kabla haijamaliza msimu.

Hakuna aliyesema neno. Mama alikuwa amesimama na mfuko wake wa mauntini. Kaka akatoka chini, mgongo wote vumbi, akamwambia, "Shikamoo mama." Ilikuwa mara ya kwanza kwa karibu mwezi.

Mzee aliporudi kutoka msibani hakukasirika, alifurahi kwamba hakuna kilichochomelewa. Injini ikanyanyuliwa kwa chenibloku unene wa vidole vitatu na kusogezwa nyuma kadiri ukuta wa kabati ulivyoruhusu. Gia boksi ikawekewa vipande vya chuma chini ya mauntini zake ili mwinamo usiharibike. Maboksi ya biskuti yakakatwa upya. Safari hii mkasi alishika kaka.

Chuma cha mikono kilikuwa kinene, na chesisi ya Land Rover ni boksi la chuma lililo tupu ndani, kwa hiyo mkono haukuchomelewa juu yake hivi hivi. Kwanza liliwekwa bati pana la kugawa uzito, na pembeni vipande vya pembetatu vya kuzuia kujikunja. Betri ikafunguliwa. Yule kijana wa miwani ya jua akagusisha vidoti tu, vya kushikiza. Injini ikashushwa ikae, ikapimwa, ikatolewa tena yote, ndipo mikono ikachomelewa ya kuchomelea, maana moto wa pale ungepika mipira mipya. Na kusema kweli, mkono wa yule kijana ulikuwa mzuri sana. Mshono wake umelala kama suka za harusi. Maneno mengi, lakini kazi anaijua.

Bolti hazikukazwa mwanzoni. Injini iliachwa ikalie mipira kwa uzito wake, ikatikiswa kwa mkono, ikajitafutia mahali, ndipo spana ikapita. Kila upande ukawa na bolti ndefu ya kupenya yenye wosha pana, ili hata mpira ukichanika injini isiruke. Mwisho mzee akafunga waya mnene wa ethi kutoka kwenye injini kwenda kwenye chesisi. Injini inayokaa juu ya mpira haigusi chesisi, na bila waya huo umeme wa stata unatafuta njia nyingine, hata kupitia kebo ya aksileta, na kebo inaungua.

Iliwaka mara ya tatu. Moshi, kelele, kuku wa jirani wakatimka. Mzee akaniambia niweke kiganja changu kwenye chesisi pembeni ya mkono wa kushoto. Kilikuwa kinahisi mnong'ono tu, wakati injini yenyewe inacheza kama mtu kwenye mdundiko. Kaka akaingia gia ya kwanza, akavuta hendibreki, akaachia klachi taratibu. Injini ikajinyanyua kushoto kidogo, ikarudi mahali pake.

Kilichofuata ni makaratasi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kadi lazima irekebishwe, na usipofanya hivyo siku ya kuuza gari utatafuta wa kumlilia. Hapo sina cha kusimulia zaidi ya foleni.

Land Rover haina rangi mpaka leo. Ina bluu ya baba, kutu, na bati jekundu mbele ambalo hakuna anayejua lilitoka wapi. Injini ikiwa sailensa kioo cha pembeni kinatetemeka, kaka amekichomekea kipande cha boksi la biskuti. Anaendesha yeye, Muheza na kurudi, na risiti za dizeli anamletea mama kila Jumamosi, zimekunjwa mara nne.