Simba Hakukosa Neno

Watu wengi husema kwamba mbwa ni mbwa tu, na ya kuwa mtu mzima kumlilia mnyama ni jambo la aibu. Mkulima mmoja wa vilima vya Mua, karibu na mji wa Machakos, naye alikuwa akisema hivyo hivyo kwa miaka mingi. Siku hizi hasemi tena. Tangu mwaka wa 2015 pana mahali katika shamba lake, chini ya mwembe ulio mpakani, ambapo halimi wala hapandi kitu. Mtu akimwuliza sababu, humweleza habari za Simba.

Simba aliletwa katika boma hilo mwaka wa 2009, akiwa ndani ya kiondo, zawadi ya mjomba kwa watoto wa dada yake. Alikuwa mdogo hata akaenea katika viganja viwili, rangi yake ya udongo, sikio moja limesimama na la pili limelala. Watoto walimwita Simba kwa mzaha, maana aliogopa hata jogoo. Baba yao hakufurahi. Alisema, "Huu ni mdomo mwingine wa kulishwa," akaamuru kwamba mbwa alale nje, ale makombo ya ugali, wala asionekane jikoni. Amri hiyo ilishikwa kwa muda wa juma moja. Kisha mvua ya Novemba ikanyesha usiku kucha, na asubuhi nyanya ya watoto akakutwa ameketi kando ya moto, na yule mtoto wa mbwa amelala juu ya upindo wa nguo yake. Hapana aliyethubutu kumwambia bibi huyo neno.

Alipokua, jina la mzaha likawa jina la haki. Watu wa boma walijifunza kwamba Simba alikuwa na sauti tatu. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mgeni, na mama alipoisikia aliteleka chai. Ya pili ilikuwa ya tumbili walioshuka kuiba mahindi, na watoto walipoisikia walikimbilia shambani na mawe. Ya tatu ilikuwa ya chini sana, itokayo kifuani, nayo ilisikika usiku tu, fisi alipokaribia zizi la mbuzi. Hapo baba alichukua tochi na panga akatoka. Katika miaka sita yote Simba hakuzichanganya sauti hizo hata mara moja.

Tena kila asubuhi aliwasindikiza watoto mpaka kwenye jiwe kubwa lililo kando ya njia ya shule, kisha akarudi nyumbani kulinda. Saa kumi za jioni alikwenda kuwangoja pale pale. Hakufundishwa na mtu, wala hakuwa na saa. Baba mwenyewe, ambaye hakumsifu kamwe mbele ya watu, alianza kuacha kipande cha ugali pembeni mwa sahani yake, akidai kwamba ameshiba.

Basi katika sehemu zile Bwana Mifugo alikuwa na desturi ya kutangaza, kwa njia ya baraza la chifu, siku ya kuchanja mbwa ili wasipate kichaa. Mwaka wa 2010 mkulima huyu alimpeleka Simba, na mwaka wa 2011 akampeleka tena, akapewa cheti. Mwaka wa 2012 siku hiyo iliangukia katika majira ya kupanda, naye hakutaka kupoteza mvua. Mwaka uliofuata alisahau. Mwaka wa 2014 alikumbuka, lakini alisema, "Mbwa wangu hazururi. Ataupata wapi ugonjwa?" Wazee walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, naye aliijua methali hiyo vizuri, kwa maana aliwafundisha watoto wake.

Jioni moja ya mwaka wa 2015 mtoto wake wa kiume, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa akiingiza mbuzi zizini. Ndipo mbwa mgeni akaja kwa njia ya mtoni. Hakukimbia wala hakubweka. Alitembea kwa kuyumbayumba, taya limelegea na udenda ukimtoka. Mtoto hakumwona, kwa kuwa alikuwa amempa mgongo. Simba alimwona. Safari hii hakutoa sauti yo yote kati ya zile tatu. Aliruka tu, akasimama baina ya mbwa yule na mtoto, wakashikana. Baba alipofika na panga, mgeni alikuwa amekwisha kwenda zake, na Simba alikuwa ameumwa puani. Mtoto hakuguswa, lakini alikuwa amepiga magoti akimpangusa Simba damu na mate kwa mikono yake, nayo ilikuwa na michubuko ya kazi ya shamba.

Majirani walimwua yule mbwa mgeni usiku ule ule. Bwana Mifugo alikuja, na kichwa chake kikapelekwa kwenye maabara ya mifugo ya serikali huko Kabete. Jibu lilikuwa kwamba alikuwa na kichaa.

Ugonjwa huo si mgeni katika nchi ya Kenya. Ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, katika mbwa mmoja wa pembezoni mwa Nairobi. Wala dawa ya kuukinga si mpya. Mwaka wa 1885 huko Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye mtoto akapona. Jambo la kutisha ni hili: mtu akiwahi sindano kabla ya dalili kuonekana, huokoka; dalili zikiisha kuonekana, ni nadra mno kupona. Kwa sababu hiyo yule mtoto alioshwa mikono kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika kumi na tano, akapelekwa hospitali usiku ule ule, na baadaye akarudishwa kwa sindano nyingine katika siku alizopangiwa. Alipona kabisa.

Juu ya Simba, Bwana Mifugo aliomba cheti. Mkulima alikitoa katika sanduku, na tarehe yake ilikuwa ya miaka minne nyuma. Bwana Mifugo alikitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Mzee, kama angalichanjwa mwaka huu, ningalimwongeza sindano moja leo, nawe ungalimfunga nyumbani na kumwangalia. Sasa sina njia hiyo. Yafaa atengwe katika banda imara kwa miezi mingi, asiguswe na mtu, au tumlaze sasa kabla ugonjwa haujatokea." Boma lile halikuwa na banda la namna hiyo, nalo lilikuwa na watoto watano. Mkulima alichagua, na kuchagua huko hakumwachia mtu mwingine.

Asubuhi ya siku ile Simba alikuwa mzima. Alikuwa amefungwa kwa mnyororo chini ya mwembe, na alipomwona bwana wake alitikisa mkia kama siku zote, akanyosha shingo ili amrambe mkono. Mkulima aliuvuta mkono wake nyuma, kwa kuwa alikuwa ameonywa juu ya mate. Simba akatulia, akamtazama, kisha akalala chini kama mbwa aliyekemewa bila kujua kosa lake. Hivyo Simba alipata sindano, lakini siyo ile aliyostahili kupewa.

Alizikwa pale pale, katika shimo refu. Jirani mmoja alicheka aliposikia kwamba wamechimba kaburi la mbwa, na nyanya akamjibu, "Mwanangu, aliyesimama mahali pa mjukuu wangu hachekwi nyumbani kwangu." Jioni ile baba alibakiza kipande cha ugali pembeni mwa sahani, akakitazama, asijue la kukifanyia. Yule mtoto aliyekuwa na mbuzi akamwuliza, "Baba, Simba alikosa nini?"

Baba yake akamjibu, "Simba hakukosa neno. Nilikosa mimi."

Mwaka wa 2014 serikali ya Kenya ilitoa mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa watu, ule utokanao na mbwa, kabla ya mwaka wa 2030. Wataalamu wasema kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Lakini mpango wa serikali haumtoi mbwa bomani. Atakayemtoa ni mwenyewe, kwa kamba yake, siku ya kupanda au siku ya mapumziko.

Katika boma lile yuko mbwa mwingine sasa. Hakupewa jina la Simba, kwa kuwa watoto walikataa. Cheti chake cha chanjo kimewekwa katika sanduku pamoja na hati ya shamba, na kila mwaka siku ya Bwana Mifugo ikitangazwa, mzee huyu hufika kabla ya mtu ye yote, hata mvua ikinyesha. Wenye haraka wakinung'unika katika mstari kwamba kazi za shamba zinawangoja, yeye hawakemei. Huwauliza tu majina ya mbwa wao, kisha huwasimulia juu ya mkono alioushikiza nyuma asubuhi ile.